Maji ya Kivu ni safi, mbona picha zangu zimejaa chenga?

"Jambo Mwalimu. Niko Goma, Himbi. Nilinunua kamera ndogo ya mkono wa pili pamoja na boksi lake la kuingilia majini. Sina mtungi wa hewa. Nazama kwa pumzi tu, mita tatu au nne, kati ya mawe ya lava, napiga picha za samaki na kaa. Kwa macho maji ni safi kabisa, lakini kila picha inatoka na madoa meupe, utadhani nimemwaga unga wa muhogo mbele ya lenzi. Nimefuta kioo, nimeshusha ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 100, nimetoa dola 60 kununua tochi kali na kuifunga juu ya boksi. Ndiyo kwanza imezidi kuharibika. Kaka yangu anasema niuze hii kamera nitafute kubwa. Jirani anasema ni gesi ya ziwa, nisijisumbue. Nani yuko na haki?"

Dada yangu, wote wawili hawana haki, ila jirani amepotea zaidi. Gesi ya Kivu ipo, tena nyingi: karibu kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za metani. Lakini imeyeyuka katika maji ya vilindini, kama gesi ya bia inavyokaa ndani ya chupa ambayo haijafunguliwa, na inashikiliwa huko na uzito wa maji yaliyo juu yake, katika ziwa lenye kina kinachokaribia mita 480. Haiji kucheza mbele ya lenzi yako kwenye mita tatu. Nitairudia mwishoni, maana ina upande ambao si wa kuchekea.

Kaka yako naye anataka kukupoteza pesa. Kamera kubwa yenye flashi palepale ilipo ya kwako itakuletea chenga zilezile, ila zikiwa kali na zenye megapikseli nyingi zaidi.

Kabla sijaeleza, fanya jambo moja. Fungua picha mbili ulizopiga zikifuatana, uzikuze kwenye simu, utazame madoa yamekaa wapi. Kama doa lililo pembeni juu ya picha ya kwanza liko palepale kwenye picha ya pili, huo ni uchafu, tone la maji, kipovu au mkwaruzo kwenye kioo cha boksi, na dawa yake ni kitambaa laini. Kama picha zinaanza vizuri kisha katikati panaingia weupe kama pumzi kwenye dirisha, ni unyevu ndani ya boksi. Lifunge mahali pakavu na penye baridi, uweke ndani kifuko cha zile chembe za kukausha tunazozikuta kwenye viatu vipya. Lakini kama madoa yamehama kila picha, mengine makubwa na mviringo kama sarafu hafifu, mengine kama punje za chumvi, basi ni kitu kilicho majini. Kwa ulivyoeleza, nina hakika ni hilo la tatu.

Sasa utauliza: mbona kwa macho maji ni safi? Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, nami nilikwama hapo miaka miwili mizima. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kupiga picha ya pangaboi la mashua moja hapa Bukavu, mwenyewe alitaka kujua kama limepinda. Nilimpelekea picha kumi na mbili. Akazitazama moja moja, akanirudishia, akaniuliza kama siku hiyo ilinyesha mvua ya mawe.

Hakuna maji ya ziwa yasiyo na kitu ndani. Kuna mwani, kuna viumbe vidogo mno ambavyo sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wanavila, kuna vumbi la udongo, vipande vya majani yaliyooza, na mchanga ambao wewe mwenyewe umeutimua kwa miguu. Macho yako hayavioni kwa sababu jua linaviangaza kutoka juu, kila upande sawa na maji yanayovizunguka. Ukiwasha flashi iliyo karibu na lenzi, mambo yanageuka. Kila chembe iliyo kati yako na samaki inapigwa mwanga kutoka upande uleule unaotazama wewe, na mwanga unarudi moja kwa moja kwenye lenzi.

Umewahi kupanda gari usiku kutoka Sake kwenda Mushaki, ukungu umeshuka? Dereva mgeni anawasha taa kubwa, anajikuta mbele ya ukuta mweupe, haoni hata shimo. Dereva wa njia ile anazishusha, na kama gari lake lina taa za ukungu, zimewekwa chini kabisa kwenye bampa, mbali na macho yake. Ukungu ni uleule. Kilichobadilika ni mahali mwanga unapotokea. Tochi yako ya dola 60 uliyoifunga juu ya boksi ndiyo taa kubwa ya yule mgeni.

Kama huniamini, jaribu nyumbani leo jioni. Mbabula, yaani jiko la makaa, ikianza kutoa moshi uani, shika tochi karibu na sikio, umulike ukuta kupitia moshi. Utaona moshi mtupu. Halafu nyoosha mkono wote pembeni, tochi ikiwa mbali na kichwa, umulike ukuta uleule. Moshi ulio mbele ya pua yako unafifia, ukuta unatokea. Ukishaliona hilo kwa macho yako, yote nitakayosema sasa utayapata mwenyewe.

Nakupa hesabu kidogo, usiikimbie. Mwanga unapungua kwa mraba wa umbali. Chembe iliyo sentimita 10 mbele ya flashi inapokea mwanga mara 100 kuliko samaki aliye mita 1. Ndiyo maana kichembe usichokiona kinang'aa kama nyota, huku samaki mzima akibaki na giza. Na kwa kuwa kiko karibu sana, nje ya fokasi, kinavimba na kuwa ile sarafu hafifu.

Hesabu hiyohiyo ndiyo itakayokuokoa. Tuseme samaki wako yuko mita 2. Ili apate mwanga wa kutosha, flashi italazimika kutoa nguvu mara 16 kuliko ingekuwa yuko sentimita 50. Nguvu hizo zote zinazipiga kwanza chembe zilizo puani pa kamera. Ukisogea hadi sentimita 50, flashi inapumzika, chembe za karibu zinapata sehemu moja ya kumi na sita tu ya mwanga ule, na maji yaliyo kati yako na samaki yamepungua hadi robo. Hakuna kifaa cha dola 60, wala cha dola 600, kitakachokupa faida ya namna hiyo bure.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukiushika huu peke yake utaona tofauti kesho: sogea. Ukidhani umeshasogea vya kutosha, sogea tena. Na usivute kwa zumu, maana zumu inakuza samaki pamoja na chenga zote zilizo katikati. Weka lenzi kwenye upana wake wote, kisha upeleke mwili. Najua samaki wanakimbia. Kaa hawakimbii sana, anza nao. Samaki wa mawe nao wana eneo lao, ukitulia bila kutikisika wanarudi kuchungulia nani amewatembelea.

Kuhusu ISO, ulikwenda kinyume bila kujua. Ukiiacha kamera ijiamulie flashi, kila unaposhusha ISO inaamua kupiga flashi kwa nguvu zaidi ili kufidia, na chembe zinafurahi. ISO ya chini ni nzuri kwa mambo mengine. Kwa hili, mimi ningekuambia uipandishe hadi 400 au hata 800 na uzime flashi kabisa.

Ndiyo, uizime. Unazama mita tatu au nne, uko karibu kabisa na ikweta, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana jua liko juu ya kichwa chako. Mwanga huo unatosha. Chenga zitatoweka karibu zote kwa sababu hakuna kinachozimulika kutoka upande wako. Sitakudanganya lakini, njia hii ina gharama yake. Maji yanakula rangi nyekundu kwanza, hata kabla hujafika mita tano, kwa hiyo kaa wako atatoka wa kijanikijani. Na samaki aliye mbali atakuwa na utando wa ukungu hata kama hakuna doa hata moja, ugonjwa ambao dawa yake ni ileile ya kusogea. Kwa rangi, rekebisha urari wa weupe kwa mkono: chukua kibamba cheupe cha plastiki, kizamishe hadi kina unachopigia, uielekeze kamera ijifunze kwamba hiki ndicho cheupe, na urudie kila ukibadilisha kina. Wauzaji watakuonyesha kichujio chekundu. Kile kimetengenezwa kwa bahari ya buluu. Kwa maji yanayoelekea kijani, kinachofaa ni kile cha rangi ya zambarau nyekundu. Usinunue chochote kabla ya kujaribu kibamba.

Mgongo wako uuelekeze juani, si uso. Na uende asubuhi, ziwa likiwa limetulia, kabla upepo na mawimbi ya mchana hayajaanza kukoroga ukingo.

Kama bado unataka flashi, na kuna picha zinazoidai, hasa rangi halisi za samaki waliojificha kwenye mapango ya lava, basi itoe kwenye kamera. Kinachohitajika ni flashi ya nje iliyo kwenye mkono wa chuma au plastiki wenye urefu wa sentimita 30 hadi 60. Kwenye kamera ndogo inaunganishwa kwa waya wa nyuzi za mwanga: flashi ya ndani inawaka kidogo tu kuipa ya nje ishara, na ile ya ndani unaizibia mbele kwa kipande cheusi ili isitoe mwanga majini. Hicho kipande watu wanakisahau, wananunua flashi ya nje ya mamia ya dola, wanaiacha ya ndani inamulika kama zamani, kisha wanakuja kulalamika.

Mahali pa kuiweka: pembeni na nyuma kidogo ya kioo cha lenzi, kama mtu anayemtazama samaki kupitia begani kwako. Halafu, na hapa wengi hawaamini, usiielekeze kwa samaki. Ielekeze mbele moja kwa moja, au hata nje kidogo, mbali naye. Mwanga wa flashi unatoka kama faneli iliyogeuzwa, unapanuka kadiri unavyokwenda. Unataka ukingo wa faneli umguse samaki, na tumbo lake lipite pembeni. Kwa namna hiyo, maji yaliyo mbele ya lenzi yanabaki gizani na mwanga unakutana na picha yako pale samaki alipo, si kabla yake.

Kuna mtego mwingine ambao maji yanatutegea. Ukitazama kupitia kioo bapa cha miwani au cha boksi, kila kitu kinaonekana kimekaribia kwa robo: samaki aliye mita 1 unamwona kama yuko sentimita 75. Ukiielekeza flashi kule unakomwona, unaangaza maji yaliyo mbele yake. Umeziwashia taa chenga zenyewe. Ndiyo sababu nyingine ya kuigeuza nje zaidi ya unavyodhani inafaa.

Zile plastiki nyeupe za kufunika flashi ili mwanga uwe laini zina kazi yake, lakini zinapanua faneli, na faneli pana inamulika maji mengi zaidi. Kwa chenga zinaweza kuzidisha. Kinyume chake ni kidude chenye umbo la mrija kinachobana mwanga uwe kama sarafu juu ya kitu kimoja. Kinapunguza chenga sana, lakini kwa mtu anayezama kwa pumzi, kulenga mwanga mdogo namna ile kabla hewa haijaisha ni mateso. Nisingekushauri uanze nacho.

Tochi yako usiitupe. Ifungue kutoka kwenye boksi, mpe mwenzako aishike pembeni, mkono umenyooka, akimulika samaki kwa ubavu. Bila mwenzako, ishike wewe kwa mkono wa kushoto, mbali na kamera. Mikono inachoka, picha nyingine zitapotea, lakini ni bure na inafundisha haraka kuliko maneno yangu. Usiku nakuonya mapema. Wavuvi wetu wa sambaza wanawasha taa juu ya wavu kwa sababu mwanga unakusanya vile viumbe vidogo, na sambaza wanafuata chakula. Tochi yako nayo inaita ukoo wote huo mbele ya lenzi, na usiku kuna vingi zaidi karibu na uso wa maji kuliko mchana. Ukiiwasha usiku, iwashe, piga picha mbili tatu, izime, uhame. Na sambaza wenyewe ni kama vioo: magamba yao ya fedha yanarudisha flashi mzimamzima. Wapige kwa jua.

Umesema unapiga kati ya mawe ya lava. Hapo una bahati na mkosi kwa pamoja. Bahati ni kwamba Goma haina mito ya kumwaga tope ziwani, kwa kuwa mvua inazama kwenye lava. Sisi wa Bukavu mvua moja tu ikinyesha, mto Kawa unashusha udongo na chupa za plastiki, na kwa siku kadhaa sina la kupiga upande ule. Mkosi ni kwamba jiwe lako ni jeusi, na chembe nyeupe mbele ya kitu cheusi haina pa kujificha. Piga pembe ambayo nyuma ya samaki kuna maji yenye mwanga au jiwe lililoota mwani, chenga zilezile zitamezwa na rangi. Wakati mwingine kubadili mahali pa kusimama kunashinda marekebisho yote ya kamera.

Miguu yako pia. Mtu anayezama kwa pumzi anashuka kichwa chini, akifika anajigeuza, mapezi yanapiga mchanga, na wingu lote linamfuata. Shuka pembeni, si juu ya unachotaka kupiga. Shika jiwe kwa kidole kimoja, tulia, uje ukikabili mkondo ili vumbi lako liende nyuma yako. Kama umelitimua, usipige. Panda, pumzika dakika tano, uende kwingine.

Kuhusu kufuta chenga baadaye kwa programu: inawezekana, hata kwa simu. Snapseed ina zana ya kuponya, Lightroom pia inayo. Doa tano kwenye maji matupu zinaondoka kwa dakika moja. Doa mia tatu juu ya magamba ya samaki ni usiku mzima na samaki anatoka kama amepakwa nta. Chunga vile vitufe vya kuongeza ukali na kuondoa ukungu, ndivyo vinavyozipa chenga meno. Ukishusha kidogo sehemu nyeusi za picha ziwe nyeusi kweli, chembe hafifu zinazama peke yake. Na kama picha zako ni za kumwonyesha mtaalamu wa samaki, usifute kitu juu ya mnyama, maana doa jingine ni alama yake ya kweli.

Sasa upande usio wa kuchekea. Hukuniuliza, lakini wewe unazama, na mimi sitalala vizuri nikinyamaza. Usizame peke yako hata kwa mita tatu. Mwenzako abaki juu akikutazama, mkipokezana. Usivute pumzi harakaharaka nyingi kabla ya kushuka ukidhani unaongeza hewa. Unachofanya ni kuzima ile hamu ya kupumua inayokuonya, na mtu anapoteza fahamu majini bila hata kusikia dalili. Mazuku unayajua, wewe ni mtoto wa Goma: kaboni dioksidi inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, inajikusanya kwenye mabonde na vishimo vya ukingoni, hasa asubuhi mapema pasipo upepo. Anayeelea, uso ukiwa juu tu ya maji, yuko pale inapokaa. Ukiona mahali mapovu yanapanda mfululizo kutoka chini, au kichwa kikianza kuuma na pumzi kukimbia bila sababu, toka hapo, upande juu, usirudi kuchukua kamera. Waulize wavuvi wa pale kila ghuba kabla ya kuingia, wanajua wapi mbuzi walikutwa wamekufa.

Sikio likiuma hadi siku ya pili, au likitoa maji au damu, nenda kwa daktari wa masikio, usitie mafuta. Na siku utakayotaka kuzama na mtungi, tafuta mwalimu mwenye cheti, tena mwambie tangu mwanzo kwamba ni Kivu. Ziwa liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hesabu za kuzama zilizoandikwa kwa bahari hazifai hapa bila kurekebishwa. Watu wanalidharau hilo kwa sababu ufuo ni mzuri na maji ni tulivu.

Boksi likivuja hata tone moja, usilizibe kwa gundi. Toa ule mpira wa kuzibia, uoshe kwa maji safi, uukague kama una unywele au mchanga, uupake mafuta yake kidogo sana, uurudishe, kisha ulizamishe boksi likiwa tupu kwenye bidoni lililokatwa juu kabla ya kuirudisha kamera ndani. Likivuja tena, mpelekee fundi alione kwa mikono yake. Kwa maandishi siwezi kulisaidia.

Kesho asubuhi zima flashi, weka ISO 400, lenzi kwenye upana wote, umtafute kaa mmoja na umfikie hadi sentimita 30. Mpige mara kumi. Kisha washa flashi, umpige kaa yuleyule kutoka mita moja na nusu. Nitumie picha moja ya kila aina, bila kuzigusa, uniambie na saa uliyopiga. Hapo tutajua kama unahitaji flashi ya nje au kama dola zako zinaweza kubaki mfukoni.